Vibali vya Moshi

Upanga, Dar es Salaam
14 Novemba 2021

Binti yangu Fortunata,

Simu yako ya Jumapili nimeipata, ila kusema kweli nimepata nusu. Kile kidude cha sikioni kilianza kupiga mluzi pale pale ulipofika kwenye kazi yako mpya, nami nikawa naitikia tu, "Ndiyo, ndiyo, hongera." Shobhana aliponiuliza unauza nini huko Uholanzi, nikamjibu: moshi. Akasema sasa nimezeeka rasmi. Nikamwambia mtoto wa Severine ni Mchaga, na Mchaga akiuza Moshi si ajabu, anauza kwao. Mama yako mkubwa Shobhana alicheka mpaka akamwaga chai.

Lakini baadaye nikajiuliza, hivi nilisikia sawa? Kwa hiyo niandikie. Mimi ni mtu wa karatasi. Chintan atazipiga picha kurasa zangu akutumie, na zako atazichapisha ofisini kwake aniletee jioni. Mjukuu mwema, ingawa hajui hata bei ya nyanya.

Mama yako mzima. Alhamisi nilipita dukani Mtaa wa Uhuru, nikakuta wateja wa Krismasi wameshaanza kugombea vitenge. Yule jirani aliyejenga ghorofa ameuliza tena kama tunauza duka, maana anataka kulipanua jengo lake. Mama yako akamwambia wenye duka ni wawili, yeye kwa niaba ya marehemu mume wake, na Manubhai. "Basi mnasemaje?" Akamjibu, "Leo tunauza vitenge."

Miaka tisa tangu baba yako Severine atutoke, na bado nikiingia pale naangalia kwanza kile kiti chake.

Baba yako mkubwa,
Manubhai


Amsterdam
21 Novemba 2021

Shikamoo Baba Mkubwa,

Ulisikia sawa. Ni moshi.

Nitakueleza kama ungekuwa umekaa dukani na mimi naleta mzigo mgeni. Huku Ulaya kiwanda kikubwa hakiruhusiwi kutoa moshi bure. Kila tani moja ya hewa chafu lazima iwe na kibali chake. Serikali zinatoa vibali kwa idadi maalumu, na kila mwaka idadi inapungua. Aliyesafisha kiwanda chake anabaki na vibali vya ziada, anauza. Ambaye bado anafuka ananunua. Nia yake ni kwamba kufuka kukiwa ghali, watu wataacha.

Sasa kampuni yetu ni ya watu kumi na moja tu, tuko juu ya duka la baiskeli. Tunanunua vibali, tunavitunza, bei ikipanda tunauza. Mwaka huu pekee bei imepanda zaidi ya mara mbili! Bosi wangu ananiambia nina pua ya biashara, nami namwambia nimezaliwa katikati ya marobota ya vitenge, ningekosaje.

Hapa baridi inaingia hadi kwenye meno. Mwambie Mama Mkubwa ile chevda yake ya kutafuna aliyonifungia imeisha siku ya tatu, na kwamba sikumgawia mtu.

Mtoto wako,
Fortunata


Upanga
5 Desemba 2021

Fortunata mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikamwomba Chintan anionyeshe bei kwenye simu. Tangu hapo kila akirudi kazini namuuliza, "Vibali vimefikaje?" kabla hata ya salamu. Shobhana amenuna. Anasema mwanamume wa miaka sabini na sita anafuata bei ya kitu ambacho hakishikiki wala hakivaliki.

Nina swali moja la kizee. Mwenye kiwanda ananunua kibali kwa sababu anafuka, hilo nimelielewa. Lakini wewe hufuki. Bosi wako hafuki. Humo mlimo juu ya baiskeli hamna hata jiko la mkaa. Mmevikalia vibali kama kuku na mayai, mnangoja kesho. Je, mwenye kiwanda anapoona bei imepanda, anajuaje kama imepanda kwa sababu vibali vimepungua kweli, au kwa sababu nyie mmevikalia?

Kwetu hapa kazi hiyo ilikuwa na jina. Uliza wazee wa Kariakoo. Mlanguzi. Mwaka themanini na tatu ukiitwa hivyo unaenda jela.

Usikasirike, nakutania. Karibu nusu.

Nenda kanisani siku ya Krismasi, mama yako ameniagiza nikukumbushe.

Manubhai


Amsterdam
9 Januari 2022

Shikamoo Baba Mkubwa,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama Mkubwa. Kanisani nilienda, mwambie mama nina picha.

Swali lako nilimpelekea bosi, akacheka, akasema mzee huyo aje tumwajiri. Jibu letu ni hili. Kama dunia inataka moshi upungue, kibali lazima kiwe ghali. Sisi tukivikalia, vinakuwa ghali mapema zaidi. Kwa hiyo hata kama ni ulanguzi, ni ulanguzi unaosafisha hewa. Mimi naamini hivyo, Baba Mkubwa. Siku nyingi naamini.

Sasa nina ombi, na nimelizungusha kichwani likizo nzima. Yule jirani ametoa bei nzuri kwa duka. Nimeongea na mama. Tukiuza, fungu la baba tuliweke kwenye vibali kwa mwaka mmoja tu, kupitia hapa kazini. Kila mtu hapa anasema bei itavuka euro mia. Mwakani mama anaweza kununua duka kubwa zaidi, tena ghorofa ya chini, asipande ngazi za stoo na yale magoti. Akiba yangu yote nimeshaiweka mimi mwenyewe, kwa hiyo usidhani nawasukuma mahali nisipoingia.

Mama hakukataa. Alisema, "Muulize Manubhai. Akitia sahihi, na mimi natia."

Kwa hiyo nakuuliza. Mwanasheria atakuletea karatasi Jumatatu.

Mtoto wako,
Fortunata


Upanga
23 Januari 2022

Fortunata mpenzi,

Marahaba. Barua imefika. Karatasi ya mwanasheria pia imefika, nimeiweka kabatini chini ya shuka za wageni.

Goti la Shobhana limevimba tena, tumeenda Muhimbili mara mbili wiki hii. Daktari ni kijana mpole sana. Joto la Januari unalijua. Umeme unakatika mchana, mafeni yanasimama, na wajukuu wanalala sakafuni kama samaki. Mama yako amepokea mzigo mpya wa vitenge vya kijani, vinatoka haraka.

Juu ya lile jambo lingine, tusiharakishe.

Manubhai


Amsterdam
2 Februari 2022

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nilikuandikia kurasa mbili kuhusu maisha ya mama yangu, umenijibu kuhusu mafeni.

Bei imepanda tena wiki hii. Kila siku unayonyamaza ni ngazi moja zaidi atakayoipanda mama. Nimejaribu kuelewa kwa nini mtu aliyekuwa akiuliza bei kabla ya salamu sasa hataki kuizungumzia. Nimepata sababu moja tu. Chintan. Kama unataka duka libaki ili siku moja liwe lake, sema. Ni haki yako, nusu ni yako. Ila usinifiche kwa goti la Mama Mkubwa.

Baba alikuwa akisema wewe ndiye mtu pekee Kariakoo ambaye hajawahi kumdanganya. Nilitegemea hivyo na mimi.

Fortunata


Upanga
8 Februari 2022

Fortunata, mwanangu,

Barua hii haipigwi picha. Inakuja kwa mkono wa watu wa vifurushi, pamoja na ile karatasi, kwa sababu Chintan hajui haya ninayokuandikia, na Shobhana anajua kidogo.

Baba yako alikosea. Hakujua, au alijua akanisitiri.

Mwaka 1983 nchi haikuwa na kitu. Sabuni hakuna, mafuta hakuna, khanga hakuna. Mimi nilikuwa na duka lile lile, la kwangu peke yangu wakati huo, na baba yako alikuwa mfanyakazi wangu, kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Rombo. Mwanzoni mwa mwaka nilipata marobota ya khanga. Sikuyapeleka dukani. Niliyapeleka Ilala, kwenye chumba alichopanga Severine, nikamlipia kodi ya chumba ili ayalalie. Kila asubuhi nilisema, kesho nitauza. Kesho bei inapanda, nasema kesho nyingine.

Nisikilize kwa makini hapa, maana wewe unayajua haya kuliko unavyodhani. Si kwamba nilihitaji ile pesa. Nilipenda kuwa mtu anayejua. Watu wote mtaani wanahangaika, na mimi peke yangu najua kesho itakuwaje.

Siku moja akaja mama mmoja mjamzito, miezi imetimia, anaomba doti moja tu ya khanga ya kumpokelea mtoto. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Hata kipande, Mzee?" Nikamwambia hakuna. Sijui alimfunika mtoto na nini.

Kisha ukaja ule msako wa walanguzi. Watu walikuwa wanatupa mali mitaroni. Mimi nilikimbilia Ilala kutafuta namna ya kuyahamisha, na nikiwa mlangoni pale pale askari wakaingia. Wakafunua shuka, wakakuta.

"Mali ya nani?"

Severine akasema, "Ni yangu, afande."

"Wewe? Mfanyakazi wa duka? Yote hii?"

"Yangu."

"Na huyu Mhindi?"

"Bosi wangu. Amekuja kuniuliza kwa nini nimechelewa kazini."

Yule askari akanitazama. Severine hakunitazama. Mimi nikatazama sakafu. Fortunata, nilikuwa na muda. Hata sasa nikikumbuka, muda ulikuwepo, ungetosha kusema sentensi nzima. Sikusema.

Walimweka ndani miezi minane. Alitoka amekonda, na kile kikohozi ulichokikuta wewe ukidhani ni cha vumbi la vitenge, alitoka nacho huko. Wiki ile ile nikaenda kwa mwanasheria, nikaandika nusu ya duka kwa jina lake. Hakuuliza kwa nini, nami sikusema. Miaka ishirini na tisa tukakaa kiti kwa kiti, na neno hilo halikupita kati yetu.

Ndiyo maana nilinyamaza mwezi mzima. Si Chintan. Chintan hawezi kuuza maji jangwani. Nilinyamaza kwa sababu kukukataza, lazima nikueleze nimelijulia wapi jambo hili.

Sasa sikukatazi. Sisemi kazi yako ni kosa, labda kweli inasafisha hewa, mimi sijui. Najua tu ule muwasho wa kesho. Na najua kwamba duka lile ni lenu kuliko lilivyo langu, kwa hiyo sina mdomo wa kukataa. Karatasi imo ndani ya bahasha. Nimeitia sahihi.

Kama hutaki kuniandikia tena, nitaelewa.

Manubhai


Amsterdam
20 Machi 2022

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nisamehe kwa wiki hizi tano. Nilianza barua nne. Hii ni ya tano.

Nikuambie kwanza la hapa, maana najua Chintan amekuonyesha bei. Bahasha yako ilifika tarehe kumi na sita Februari, wakati bei ikiwa karibu kabisa na ile mia. Wiki iliyofuata vita vikaanza Ukraine. Tulidhani vibali vitapanda pamoja na gesi. Badala yake wote waliovikalia, sisi na wengine kama sisi, waliogopa siku moja, na wote wakataka pesa taslimu siku moja. Ndani ya siku chache bei ikaanguka zaidi ya theluthi. Hakuna kiwanda kilichoacha kufuka wiki ile, Baba Mkubwa. Moshi ulikuwa ule ule. Ni sisi tulioinuka kwenye mayai tukakimbia.

Kampuni yetu ilikuwa imenunua kwa pesa ya kukopa, ikalazimika kuuza chini kabisa. Akiba yangu imekwenda. Watu wanne tumeachishwa kazi, mimi ni wa pili kwenye orodha.

Kinachoniuma si hicho. Kuna mzee mmoja ana kiwanda kidogo cha vigae, mteja wetu. Mapema Februari alinipigia, akaniuliza, "Ninunue sasa au nisubiri?" Bosi alikuwa amekaa mbele yangu, akanionyesha kidole juu. Nami nikamwambia mzee itavuka mia. Akanunua vya mwaka mzima. Juzi akapiga tena. Nilijiandaa kutukanwa. Alikuwa amesikia watu wameachishwa, akataka kujua kama nina mahali pa kuishi. Niliposema samahani, akasema, "Mtoto, mimi ndiye niliyenunua." Nikalia barabarani.

Sasa la pili. Sahihi yako sikuitumia.

Usinisifu. Haikuwa busara. Nilipomaliza barua yako nilimpigia mama nikiwa nimekukasirikia sana, nataka aniambie kama ni kweli umemwacha baba afungwe kwa mali yako. Nikamsikia mama akivuta kiti. Kisha akasema, "Fortu, kaa kitako."

Baba Mkubwa, na wewe kaa kitako.

Mwaka ule baba alikuwa amechumbia. Alikuwa amekusanya mahari ya mama, iko tayari, inangoja tu siku ya kupelekwa Rombo. Kisha wewe ukaleta yale marobota chumbani kwake. Kila jioni unaingia, unayatazama, unasema bei imepanda. Kijana akaona. Akachukua mahari yote, akatafuta mtu wa kumuuzia khanga, akaongeza marobota mawili ya kwake nyuma ya yale yako, chini ya shuka ile ile. Alitaka kuoa na kujenga kwa mpigo mmoja.

Aliposema "ni yangu," hakudanganya yote. Angekutaja wewe, wangeuliza na yale mawili. Ndivyo alivyomweleza mama mwenyewe alipotoka, na mama akamwambia, "Kwa hiyo mahari yangu imeuzwa na serikali?" Walingoja mwaka mzima zaidi kabla ya kufunga ndoa. Babu wa Rombo hakuambiwa mpaka anakufa.

Na ulipompa nusu ya duka, alitaka kukataa. Alifika mpaka mlangoni kwako Upanga kukuambia. Mama anasema alirudi akiwa amebeba bakuli la pipi alilopewa na Mama Mkubwa, akasema, "Nimeshindwa, Hyasinta. Mke wake alikuwa ananishukuru."

Niliposikia hayo nikaiweka karatasi kwenye droo. Nilikuwa nimejiona mwerevu kuliko watu wote wa kwetu, kumbe ninarudia kazi ya baba kwa mtandao.

Nisamehe kwa lile la Chintan. Tiketi ya kurudi nimekata, natua Jumamosi tarehe tisa Aprili.

Mtoto wako, kama bado,
Fortunata


Upanga
27 Machi 2022

Fortunata, mwanangu, bado,

Marahaba. Nimecheka. Nimecheka hadi Shobhana akaja na goti lake kuona kama ni moyo. Nilipomsimulia akakaa kitandani, akakumbuka zile pipi. Akasema kijana yule alisimama pale mlangoni nusu saa akisifia mapazia.

Kisha kicheko kikaisha, nikabaki nimekaa.

Jana asubuhi nilienda dukani. Mama yako alikuwa anakunja vitenge. Nikamwambia, "Hyasinta, miaka yote hii kwa nini hukuniambia?"

Hakuinua hata kichwa. "Ungetupa nusu ya duka?"

Nikafikiri kwa haki kabisa. Nikasema, "Ningewapa. Ila ningechelewa kidogo."

Akacheka yule mama, sijamsikia akicheka vile tangu msiba. Lakini nikamwambia kuna jambo moja haliondoki. Mimi sikujua kuhusu yale mawili. Niliponyamaza, nilinyamaza nikijua yote ni yangu na anakwenda jela kwa ajili yangu. Hilo halipunguzwi na mahari ya mtu.

Akaacha kukunja. "Ni kweli," akasema. "Halipungui." Hakuniambia limesamehewa, Fortunata, na nilimshukuru kwa hilo. Akanivutia kiti, si kile cha wateja, kile cha Severine. Nimekaa pale mpaka adhuhuri. Nimeuza doti tatu. Yule jirani wa ghorofa akapita, akauliza, tukamjibu pamoja, "Leo tunauza vitenge."

Usione aibu kurudi mikono mitupu. Baba yako alirudi mitupu zaidi, na tazama alivyoishi. Yule mzee wa vigae mwandikie kwa mkono, usimpigie. Mwambie kile kidole cha bosi kilivyokuwa. Usingoje miaka arobaini.

Chintan atakuja uwanja wa ndege, na mimi nitakuja naye. Shobhana ameshaanza kukaanga chevda.

Halafu nina ombi. Desemba mkipanda Rombo, nichukueni. Siku ya mazishi ya baba yako nilishindwa kusogea kaburini. Nilisimama kule kwenye migomba peke yangu, na watu wakawa wanaambiana kwamba ndiyo mila za Wahindi, mniache. Haikuwa mila. Nataka nikasogee.

Baba yako mkubwa,
Manubhai